Namna ya Kuyafuata Maisha ya Richard Réti Juu ya Ubao wa Sataranji

Mwongozo huu ni kwa walimu, wazazi na vijana wa Mtwara na Lindi ambao tayari wanajua jinsi kila kete ya sataranji inavyotembea, na ambao sasa wangependa kumjua gwiji mmoja kwa undani badala ya kusikia majina kumi juu juu. Gwiji niliyemchagua ni Richard Réti, aliyezaliwa tarehe 28 Mei 1889 katika mji wa Pezinok, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya dola ya Austria-Hungaria na leo umo Slovakia, na aliyefariki Prague tarehe 6 Juni 1929, siku tisa baada ya kutimiza miaka 40. Muda aliopewa ulikuwa mfupi, lakini alibadilisha namna watu wanavyoufikiria ubao, na jambo hilo haliwezi kueleweka kwa kusoma tarehe peke yake.

Nalisema hili kwa sababu nililijaribu. Mara ya kwanza nilipokutana na kikundi cha vijana wetu wa Mikindani niliandika miaka yote ya Réti kwa chaki, nikaisoma kwa sauti, nao wakainakili kwa heshima kwenye madaftari yao. Juma lililofuata niliwauliza wanakumbuka nini, na jibu pekee nililolipata ni kwamba alikufa kwa homa. Hapo nilifahamu kwamba kosa lilikuwa langu, kwani mtu aliyeishi maisha yake akisogeza kete hana budi afuatwe kwa kusogeza kete. Tangu siku hiyo tarehe huja baada ya mchezo, na kila tarehe inayotajwa huwa na hatua yake ya kuikumbukia.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vingi. Ubao mmoja unatosha watu sita ikiwa mmekaa vizuri, na kama hakuna ubao, kipande cha mbao kilichochorwa nyumba 64 kwa mkaa na visoda vilivyoandikwa herufi vitafanya kazi hiyohiyo, kama ambavyo wengi wetu tulijifunza drafti. Sisi tulibahatika. Mchongaji mmoja wa Kimakonde alikubali kututengenezea kete, nyeusi kwa mpingo na nyeupe kwa mti mwepesi zaidi, na kazi yake naithamini sana kwa sababu alikuwa na maswali ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Alitaka kujua masikio ya farasi yanakaaje, akaenda kumtazama punda, kisha akayachonga masikio marefu kidogo, na shingo akaiacha imeinama mbele kana kwamba mnyama anasikiliza. Vijana wanapomshika farasi huyo hawamtupi ubaoni ovyo; wanamweka.

Pamoja na ubao, andaa kaunta buku moja ya kikundi, karatasi ndogo za kukatwa vipande, na simu moja yenye intaneti ya kutafutia orodha kamili za hatua. Tafuta kwa majina ya wachezaji wawili, mji na mwaka, kisha nakili hatua zote kwa mkono kabla ya siku ya kukutana, maana mtandao ukikatika katikati ya mchezo watu hupoteza hamu. Hakikisha kila mmoja anajua kuzitaja nyumba: safu za wima ni a hadi h zikianzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na za mlalo ni 1 hadi 8 zikianzia upande wake. Hapa nitaziita kete mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kama kikundi chako kina majina mengine, baki nayo, mradi yasibadilike katikati.

Kanuni moja ndiyo moyo wa mwongozo huu wote. Kila mnapofika kwenye hatua kubwa ya Réti, funika hatua hiyo kwa karatasi, mpe kila mtu kipande chake aandike hatua ambayo yeye angecheza, kisha mfunue pamoja. Dakika tatu zinatosha. Asiyeandika asihesabiwe kuwa amekosea, lakini asiruhusiwe kusema baadaye kwamba aliijua.

Anzeni na hatua kumi na moja za mwaka 1910

Usianze na kuzaliwa kwake. Anza na mchezo mfupi aliocheza Vienna mwaka 1910 dhidi ya Savielly Tartakower, ambaye naye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa magwiji wakubwa. Réti alikuwa amehamia Vienna kusoma hisabati, na mchezo huu haukuwa wa mashindano rasmi, ila uzuri wake umeufanya uchezwe upya duniani kote kwa zaidi ya miaka mia moja.

Réti ana kete nyeupe. Anasogeza askari e2 hadi e4, Tartakower anajibu c7 hadi c6. Askari mweupe d2 hadi d4, mweusi d7 hadi d5. Farasi mweupe anatoka b1 hadi c3, askari mweusi wa d5 anamla askari wa e4, na farasi huyo wa c3 anamla askari huyo palepale e4. Farasi mweusi anatoka g8 hadi f6. Malkia mweupe anatoka d1 hadi d3, askari mweusi e7 hadi e5, askari mweupe wa d4 anamla wa e5, na malkia mweusi anaruka d8 hadi a5 akimtishia mfalme. Askofu mweupe wa c1 anaziba kwa kuja d2, malkia mweusi anamla askari wa e5. Sasa ni hatua ya nane: mfalme mweupe anakwenda c1 na ngome ya a1 inaruka hadi d1, zote kwa hatua moja. Tartakower anaona farasi wa e4 analindwa na malkia peke yake, naye anamla kwa farasi wake wa f6.

Simama hapo. Gawa vipande vya karatasi.

Wengi wataandika kwamba malkia amle farasi wa e4, na ni jibu la kawaida la mtu asiyeona kwamba malkia mweusi wa e5 atamla malkia huyo. Réti alimpeleka malkia d8, mbele ya mfalme, aliwe. Mfalme mweusi hana njia ila kumla. Hapo askofu wa d2 anakwenda g5, na kwa kuondoka tu anaifungua ngome ya d1, hivyo mfalme anatishiwa na wawili kwa mpigo mmoja. Huwezi kuziba wawili wala kuwala wawili, lazima ukimbie. Akikimbilia c7, kama ilivyokuwa, askofu anakwenda d8 na mfalme amefungwa. Angekimbilia e8, ngome ingekwenda d8 na angefungwa vilevile. Waache vijana wajaribu mlango mmoja, kisha wa pili, kwa mikono yao. Usiwaeleze. Kuna ukimya fulani unaoingia barazani mtu anapogundua mwenyewe kwamba milango yote miwili imefungwa, na ukimya huo ndio mwalimu wa siku hiyo.

Mchezo ukiisha, ndipo uwaambie ya mwaka 1908. Miaka miwili tu kabla ya hapo, katika mashindano makubwa ya Vienna, kijana huyuhuyu akiwa hajatimiza miaka 19 alicheza michezo 19, akafungwa 16, akatoka sare mitatu, hakushinda hata mmoja, akashika mkia. Siku ambayo kijana wako amefungwa mara tatu mfululizo na anataka kuondoka mapema, habari hii ina kazi.

Kikao kirefu: wafalme wawili na askari wawili

Kikao hiki kipe muda wa kutosha, hata jioni mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Réti aliinuka hadi safu ya mbele, akashinda mashindano ya Göteborg nchini Sweden mwaka 1920, lakini mwaka 1921 alitoa kitu ambacho mimi nakiweka juu ya ushindi wake wote: fumbo lenye kete nne tu.

Panga hivi. Mfalme mweupe h8, askari mweupe c6. Mfalme mweusi a6, askari mweusi h5. Mweupe anaanza, naye anatakiwa apate sare.

Kwanza waache wakate tamaa, kwa kuwa hali inaonekana imekwisha. Askari mweusi anahitaji hatua nne kufika h1 na kugeuka malkia, kama kete ya drafti inavyoingia kingi. Mfalme mweupe akimfukuza moja kwa moja kushuka safu ya h, baada ya hatua nne atakuwa h4 na askari atakuwa ameshafika. Upande wa pili nako, askari mweupe akikimbia hadi c7, mfalme mweusi anasogea b7 na kumla anapojaribu kupita. Mfalme mweupe hawezi kumfikia adui, wala hawezi kumsaidia wake. Mvulana mmoja katika kikundi chetu alisema kwa sauti yale ambayo wote walikuwa wakiyafikiria: mshika mbili moja humponyoka, na hapa hata hiyo moja hana.

Methali hiyo iandike kwenye daftari, kisha funua hatua ya kwanza: mfalme mweupe anakwenda g7. Askari mweusi anashuka h4. Mfalme anakwenda f6. Hapa msimame mhesabu. Kama askari mweusi ataendelea kukimbia hadi h3, mfalme mweupe anakwenda e7, askari h2, askari mweupe c7, mfalme mweusi b7, mfalme mweupe d7, na askari wote wawili wanageuka malkia: sare. Kwa hiyo mweusi analazimika kupoteza hatua moja. Mfalme wake anakwenda b6 ili amle askari wa c6. Sasa inakuja hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha fumbo. Mfalme mweupe anakwenda e5.

Muulize kila mmoja mfalme huyo anakwenda wapi sasa. Jibu ni kwamba anakwenda kote kuwili. Mweusi akimla askari wa c6, mfalme mweupe anakwenda f4, askari h3, mfalme g3, askari h2, mfalme anamla, na uwanjani wanabaki wafalme wawili watupu. Mweusi akiacha kula na kusukuma h3, mfalme mweupe anageukia d6, askari h2, askari mweupe c7, mfalme mweusi b7, mfalme mweupe d7, na tena kila upande unapata malkia. Nyumba moja, e5, ilimpa mfalme safari mbili kwa gharama ya moja.

Jioni ile tulikuwa na mgeni, mzee mmoja wa mtaani ambaye maisha yake yote amecheza bao na ambaye huja kutusikiliza tu. Bao letu, nakumbusha, lina mashimo 32 na kete 64, na sataranji ina nyumba 64 na kete 32. Mzee huyo ndiye aliyenionyesha mlingano huo, nami sijaacha kuufurahia. Alikuwa hajui majina ya kete hata moja. Vijana walipofika f6 alikohoa, na mmoja wao akamwambia, "Shikamoo babu, unaona nini?" Akajibu, "Marahaba. Huyu hamfukuzi mtu. Anapita katikati ili wote wawili wamwogope." Alikuwa ameliona fumbo zima kabla ya hatua ya tatu.

Lakini kuliona si kulielewa, na sababu yake ni ya kihisabati, hivyo siku ya pili wapeleke ufukweni. Sisi tulikwenda Shangani maji yalipokupwa, tukachora mchangani ubao mkubwa wa nyumba nane kwa nane, kila nyumba ukubwa wa hatua moja ya mtu mzima. Mweke kijana mmoja kwenye kona ya h8 na umwambie atembee kama mfalme hadi h1, moja kwa moja: atahesabu hatua 7. Mrudishe, atembee mshazari hadi a1: atahesabu 7 tena. Kisha pimeni umbali huo kwa kamba, na mtaona kwamba kamba ya mshazari ni ndefu karibu mara 1.4 ya kamba ya upande. Macho yetu yamezoea ardhi, ambako kukata mshazari kwenda upande mwingine ni kujiongezea mwendo. Kwa mfalme wa sataranji hakuna nyongeza. Kushuka safu tatu moja kwa moja kunamfikisha h5, na kushuka safu tatu kwa mshazari kunamfikisha e5, kwa hatua tatu zilezile; alikuwa akimsogelea askari mweusi kwa kiasi kilekile huku akimkaribia wa kwake bure. Réti aliyesoma hisabati anaonekana wazi hapa. Maji yalipojaa na kuanza kula safu ya kwanza ya ubao wetu, vijana walikuwa bado wanabishana kama kuna fumbo la namna hiyo kwa farasi.

Kumfunga bingwa wa dunia, 1924

Sasa wako tayari kwa mchezo mrefu. Tarehe 22 Machi 1924, katika mashindano ya New York, Réti alicheza na José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921, ambaye alikuwa hajafungwa katika mchezo wowote rasmi tangu 1916. Miaka minane. Wapo vijana katika kikundi chako ambao umri wao haujazidi sana miaka hiyo, na ni vizuri wauhisi urefu wake.

Kabla ya kufungua, eleza jambo moja. Walimu wa zamani walifundisha kwamba mchezaji auwahi uwanja wa katikati kwa askari wake, nyumba za d4 na e4, aukalie. Réti na wenzake wachache, akiwemo Aron Nimzowitsch na Gyula Breyer, walisema katikati yaweza kutawaliwa kwa mbali, kwa maaskofu wanaotazama mshazari kutoka pembeni, na kwamba askari aliyewahi katikati aweza kugeuka mzigo wa kulindwa. Kwetu mfano upo karibu: mwenye uzio wa samaki hausimamishi katikati ya kina, anautega ukingoni na kungoja maji yapwe.

Chezeni. Réti anatoa farasi g1 hadi f3, kisha askari c4, kisha b4, kisha askofu anakaa b2, askari g3, askofu wa pili anakaa g2. Hapa funga orodha na uwape kazi ya kuhesabu: ni katika hatua ya ngapi ambapo Réti atapeleka askari wa d au wa e hadi safu ya nne? Waache wacheze hatua zote huku wakitafuta jibu hilo moja tu. Askari wa d anasogea nyumba moja katika hatua ya 8, wa e nyumba moja katika hatua ya 15, na katika hatua ya 16 ndipo d4 inachezwa, wakati maaskofu, ngome na malkia wote wameshajipanga nyuma yake. Kuanzia hapo fungueni hatua moja moja kwa vipande vya karatasi. Katika hatua ya 31 ngome ya d1 inakwenda d5, Capablanca anakubali ameshindwa.

Msiishie kwenye shangwe. Waambie pia kwamba mshindi wa mashindano hayo alikuwa Emanuel Lasker, Capablanca akawa wa pili, na Réti akamaliza wa tano kati ya wachezaji 11, ingawa alipata pia tuzo ya kwanza ya mchezo mzuri kwa ushindi wake dhidi ya Efim Bogoljubov. Mtu anaweza kuvunja mwiko wa miaka minane siku moja na bado asiwe wa kwanza. Kwangu hilo halimpunguzii kitu.

Mchezo aliofungwa

Kila maisha ya gwiji mnayoyafuata yawe na mchezo mmoja aliofungwa, tena mchezeni kwa uangalifu uleule. Kwa Réti chukueni ule wa Baden-Baden mwaka 1925 dhidi ya Alexander Alekhine, ambaye miaka miwili baadaye alimvua Capablanca ubingwa wa dunia. Réti alikuwa na kete nyeupe. Katika hatua ya 26 Alekhine aliipeleka ngome yake e3, mahali ambapo askari wa f2 angeweza kuila, lakini kuila kungemfungulia malkia mweusi njia ya kumfikia mfalme kupitia g3. Geuzeni ubao, mkae upande wa Alekhine, mfunike hatua hiyo. Hapa hakuna haja ya maneno mengi, hatua zinajieleza.

Kucheza bila kuutazama ubao

Mwaka huohuo wa 1925, jijini São Paulo nchini Brazili, Réti alicheza michezo 29 kwa wakati mmoja bila kuutazama ubao hata mmoja, jambo ambalo lilikuwa rekodi ya dunia. Alekhine alikuwa amefikisha 28 jijini Paris mapema mwaka huo. Inasimuliwa kwamba alipomaliza aliondoka akiusahau mkoba wake, na mtu alipomkimbilia nao alimshukuru na kulalamika kwamba kumbukumbu yake ni mbaya. Vijana huipenda sana habari hiyo.

Zoezi lake ni jepesi kulipanga na gumu kulifanya. Waketishe wawili wakiwa wameupa ubao mgongo, wa tatu awe msogezaji. Wacheze hatua sita tu kila mmoja kwa kutaja nyumba kwa sauti. Wakifika salama, waulize swali moja kabla hawajageuka: askofu wa f1 yuko wapi, na ni nani anayemzuia? Ongezeni hatua mbili kila juma. Msiwalazimishe wadogo wenye umri chini ya miaka kumi, kwa sababu huchoka haraka na kuanza kuuchukia mchezo. Wao wapewe kazi ya kutaja rangi ya nyumba bila kutazama: e4 nyeupe, c3 nyeusi, g5 nyeusi.

Kikao cha mwisho

Mwaka 1929 Réti alipatwa na homa ya skaleti, maradhi ya koo na vipele vyekundu yanayosababishwa na bakteria, nayo yakamuua akiwa Prague. Leo ugonjwa huo hutibiwa kwa antibiotiki kama penisilini, dawa inayopatikana katika zahanati za kawaida. Alexander Fleming alikuwa ameugundua uwezo wa ule ukungu mwaka 1928, mwaka mmoja kabla, ila dawa yenyewe haikuanza kutumika kwa watu wengi hadi miaka ya 1940. Ninapolifikia jambo hili huwa nasimama kidogo, kwa sababu wengi wa vijana wangu wamewahi kupewa dawa ya namna hiyo kwa koo lililovimba na kurudi shuleni baada ya siku chache, na wao wenyewe huunganisha mambo hayo bila mimi kusema.

Kitabu chake kuhusu magwiji wa ubao kilichapishwa mwaka 1930, baada ya yeye kufariki. Alikuwa bado anafanya kazi, wala hakuna dalili katika michezo yake ya mwisho ya mtu aliyeishiwa na fikra. Kwa kikao hiki mwombe kila mshiriki achague hatua moja tu kati ya zote mlizofunua, aipange ubaoni, aeleze kwa nini ameichagua, na jina lake liandikwe kwenye kaunta buku mbele ya hatua hiyo. Katika kikundi chetu malkia wa d8 alipata majina matatu, ngome ya d5 moja, na mfalme wa e5 yote yaliyobaki, pamoja na la yule mzee wa bao, ambaye aliandika kwa herufi za Kiarabu.

Kikundi kikitaka kuendelea, kiende kwa Gyula Breyer, rafiki wa Réti katika fikra hizo mpya, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki Novemba 1921 akiwa na miaka 28. Utaratibu ni uleule: nakili michezo mitatu kwa mkono, mmoja wao uwe aliofungwa, tafuta hatua moja ya kufunika katika kila mchezo, na tarehe zake uzifiche hadi kete ziwe zimesogezwa.